Msinakili: Picha za Wanafunzi wa Makerere, Carrolup, Terezín na Harrania

Usemi mashuhuri wa mchoraji Elimo Njau ni kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Njau ni mzaliwa wa Marangu, alisomea Makerere, na mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa, jumba la sanaa la Nairobi, ambako usemi huo ulifanywa kuwa wito wa nyumba. Wengi wetu tumeuzoea kama sauti ya Mwafrika anayejikomboa na vielelezo vya Ulaya, na ndivyo ulivyo. Lakini katazo lenyewe lina ukoo mrefu, na ukoo huo si wa Afrika peke yake wala wa Ulaya peke yake. Katika karne iliyopita walimu wa nchi mbalimbali, wengi wao wasiojuana hata kwa jina, waliwakusanya vijana na watoto, wakawapa karatasi au sufi, wakawaambia karibu neno moja: usitazame kazi ya mwenzako, toa ulichonacho. Walichotoa vijana hao kinafanana kwa namna ya kushangaza. Ni nyumbani, mti, mnyama, njia inayopotea mbali, kundi la watu kazini. Kinachotofautiana ni sababu ya kukitoa, na hatima ya karatasi baada ya kengele kulia.

Tuanze na Makerere kwa kuwa ndiyo jirani. Margaret Trowell alikuja Afrika Mashariki akiwa mke wa daktari, tayari amepitia shule ya sanaa ya Slade na kufunzwa ualimu jijini London na Marion Richardson. Mwaka 1937 alianza kufundisha uchoraji Kampala, kwanza kwa kikundi kidogo nyumbani kwake, na kikundi hicho ndicho kilichokua hadi kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilipewa jina lake. Miaka miwili tu baadaye, 1939, picha za wanafunzi wake zilikuwa zimetundikwa Imperial Institute, London. Njia yake aliirithi kwa Richardson. Mwalimu haweki chungu mezani ili kichorwe, anasimulia. Anaeleza soko linalopigwa na mvua, au harusi, au kisa cha Biblia, kwa maneno yenye rangi na mwendo. Wanafunzi wanasikiliza, wanaitafuta picha vichwani mwao, na wakishaipata ndipo wanashika brashi. Huku kwetu, ambako habari nzito tangu zamani imepitia sikioni kabla ya kufika machoni, njia hiyo haikuwa ngeni hata kidogo. Nadhani Trowell alifaulu kwa sababu hiyo kuliko kwa nguvu ya nadharia aliyotoka nayo London.

Alikuwa pia mtu wa mipaka. Ufundi wa wenyeji aliuheshimu kwa dhati: alikusanya vyombo, akasimamia makumbusho ya Uganda, na mwaka 1953 akatoa pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za nchi hiyo. Hofu yake ilikuwa kwamba kijana akionyeshwa mapema mno michoro ya Ulaya atapoteza kilicho chake. Basi akamkinga. Ila kumkinga mtu ni kumwamulia. Anayesema "mchoro huu si wako" amekwisha kujipa mamlaka ya kusema ulio wako ni upi, na katika Uganda ya wakoloni mamlaka hayo hayakuwa madogo.

Mtu wa kupimia jambo hili ni Sam Ntiro. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma kisha akafundisha Makerere, akaenda Slade katika miaka ya 1950, na Tanganyika ilipopata uhuru akawa balozi wake London. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi wakati wa usiku, iko Museum of Modern Art, New York. Mchaga hahitaji kuelezwa pombe hiyo. Ni mbege, ya ndizi mbivu zilizochemshwa, ikatiwa kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewe, na haipelekwi ukweni bila maneno yake na watu wake. Mtazamaji wa New York hawezi kuyaona hayo yote, lakini mpangilio anauona. Katika kazi za Ntiro watu ni wadogo na ni wengi. Hakuna anayemzidi mwenzake kwa uso wala kwa kimo. Migomba, vijia na miteremko hujaza turubai hadi ukingoni, na vivuli ni haba. Wapo waliomhesabu kuwa mchoraji asiyekomaa, mtu asiyejua kuumba mwili wa binadamu. Mimi hilo silikubali. Slade ni shule iliyojijengea jina kwa kufundisha kuchora mwili, na Ntiro alikaa humo, akaona, akarudi kwa watu wake wadogo wadogo. Kazi ya kijiji haina mhusika mkuu, na yeye alikataa kumbandika.

Upande wa pili wa Bahari ya Hindi, kusini-magharibi mwa Australia karibu na mji wa Katanning, palikuwa na makazi ya serikali yaliyoitwa Carrolup. Sheria ya Australia Magharibi ya mwaka 1905 ilikuwa imemfanya ofisa mmoja wa serikali kuwa mlezi halali wa watoto wa wenyeji asilia, na kwa nguvu ya sheria hiyo watoto wa Kinoongar, wenyeji wa pande hizo, walitengwa na wazazi wao wakawekwa mahali kama hapo. Mwaka 1946 alifika mwalimu mkuu mpya, Noel White. Vifaa vilikuwa duni, na watoto walikuwa na kila sababu ya kutomwamini mtu mzima mweupe. Alichofanya ni kuwatoa nje. Walitembea porini wakitazama, na waliporudi darasani wakachora kwa kukumbuka, wengi kwa chaki za rangi kwenye karatasi ndogo. Haukupita muda wavulana kama Revel Cooper, Parnell Dempster, Reynold Hart na Barry Loo wakawa wanatoa mandhari ambazo hadi leo zinamtambulisha Mnoongar popote zinapoonekana. Mbele kuna miti, mashina yake meusi, kila tawi limefuatwa hadi ncha. Nyuma yake ni anga la machweo linaloshuka kutoka chungwa hadi zambarau. Kangaruu amesimama, ameinua shingo. Vivuli virefu vinalala ardhini vikimjia mtazamaji.

Ukiweka karatasi hizo kando ya turubai za Ntiro, utaona jinsi kumbukumbu mbili zinavyoweza kwenda njia mbili. Ntiro anaviacha vivuli, hawa wanavitandaza. Yeye anajaza watu hadi pembeni. Wao mara nyingi wanaiacha nchi peke yake, au wanamweka mwindaji mmoja na mkuki wake. Nchi ya Ntiro imelimwa na kupandwa, na kila mgomba una mwenyewe. Nchi ya Carrolup inaonekana kana kwamba haijaguswa, ilhali wilaya ile ilikuwa imekwisha kuwa ya mashamba ya ngano na nyua za kondoo. Mwanafunzi wa Makerere muhula ukiisha alipanda gari akaenda kwao, akahakikisha kama migomba bado imesimama pale alipoichora. Mtoto wa Carrolup alikumbushwa nchi ya baba zake na serikali ileile iliyokuwa ikijitahidi aisahau. Kwa hiyo picha ya mandhari, ambayo katika vitabu vya historia ya sanaa huhesabiwa kuwa aina ya upole kabisa, kwa mmoja ni urithi alio nao mkononi na kwa mwingine ni dai. Sisemi kwamba kijana wa miaka kumi na miwili alikaa akapanga dai. Huenda alifurahia tu jinsi chaki ya chungwa inavyoyeyukia kwenye ya manjano, na furaha hiyo nayo ni haki yake. Dai tunaliona sisi, tunaojua kilichotangulia na kilichofuata.

Ukoo nilioutaja unapita Vienna. Huko Franz Cizek alifungua mwaka 1897 darasa la uchoraji la watoto, akitaka wachore kama watoto badala ya kufinyangwa wawe mafundi wadogo. Cizek huko Vienna na Richardson huko Uingereza walikuwa wakichimba mgodi mmoja kwa sululu mbili. Kwa Richardson alitoka Trowell. Kwa Cizek, katika chuo cha sanaa za ufundi, alipita msichana wa Kiyahudi aliyeitwa Friedl Dicker, ambaye kisha alisoma kwa Johannes Itten na mwaka 1919 akamfuata katika shule ya Bauhaus, Weimar. Desemba 1942 Wanazi walimpeleka yeye na mumewe, Pavel Brandeis, katika geto la Terezín, kaskazini mwa Prague. Mizigo iliruhusiwa kilo 50 kwa mtu. Sehemu yake kubwa aliijaza vifaa vya kuchorea.

Alifundisha hasa katika nyumba ya wasichana iliyojulikana kwa namba yake, L410. Karatasi ilikuwa ya kuokoteza: fomu za ofisi, migongo ya orodha, mabaki ya kufungia vitu. Masomo yake hayakufanana na ya White wala ya Trowell. Alianza na mazoezi aliyoyapata kwa Itten: mwalimu anagonga au anatamka mapigo, mkono wa mtoto unayafuata kwa mistari na miduara mpaka bega lilegee. Kisha yanakuja maua kwenye glasi, vipepeo, meza iliyoandaliwa, bustani, nyumba yenye pazia dirishani. Wakati mwingine vinakuja vitanda vya ghorofa vya geto, foleni ya chakula, mlinzi. Na hapa ndipo Friedl anapouvunja ukoo wake mwenyewe: alileta picha za mabingwa wa zamani, Vermeer akiwa mmoja wao, akawaambia watoto wazifuate. Wakanakili. Wakakata vipande vya fomu na kuvibandika mahali pa gauni, pa ukuta, pa mwanga wa dirisha, mistari ya fomu na herufi zake zikiwa bado zinasomeka. Kazi iliyoanza kama nakala ikaishia kuwa jambo ambalo Vermeer hangeliwazia: chumba tulivu cha Uholanzi kilichojengwa kwa karatasi za ofisi ya geto.

Kwa nini aliruhusu alichokataza Cizek? Mwaka 1943, humo humo Terezín, alitoa mhadhara juu ya michoro ya watoto, na mtazamo wake ulikuwa kwamba lengo la darasa si kutengeneza wasanii. Ni kumpa mtoto nafasi ya kujikusanya. Mtoto wa Machame alikuwa na kijiji cha kukumbuka. Mtoto wa Terezín alikuwa amenyang'anywa nyumba, shule, mbwa wake, hata ruhusa ya kuingia bustani ya umma. Wengine walifika wadogo mno kuwa na mengi ya kukumbuka. Kumwambia mtu wa namna hiyo atoe kilichomo ndani bila kumwonyesha chochote ni kumwachia ukuta mweupe. Friedl aliwapa ulimwengu wautazame, kisha akawaachia kumbukumbu ifanye kazi yake juu ya ulimwengu huo.

Harrania iko upande wa pili kabisa. Ramses Wissa Wassef alikuwa msanifu majengo wa Kikopti wa Kairo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alinunua kipande cha ardhi katika kijiji hicho kilicho karibu na piramidi za Giza, akajenga karakana za matofali ya udongo zenye kuba, akawaalika watoto wa wakulima waje kufuma. Kanuni zake zilikuwa tatu na hazikuwa na mjadala: hakuna mchoro wa kufuata, hakuna kutazama kazi za wasanii wengine, hakuna mtu mzima wa kukosoa. Rangi zilitoka kwenye mimea iliyopandwa hapohapo, nyekundu ya mizizi, samawati ya nili. Kila zulia la ukutani lililokamilika mtoto alilipwa.

Ufumaji unaitaka kumbukumbu kwa ukali ambao brashi haiujui. Mfumi anaanza chini na kupanda, uzi juu ya uzi, na sehemu iliyokwisha inazungushwa kwenye mti wa chini wa kitanda cha kufumia. Haioni tena. Akifika kwenye matawi ya mtende, shina limeshafichwa. Lazima alishike akilini upana wake, rangi yake, upande lilikoegemea. Kufuta hakupo, ila kufumua saa nyingi za kazi. Picha nzima inaonekana siku inapokatwa na kutandazwa, na siku hiyo mfumi naye ni mtazamaji kama wengine. Watoto wa kwanza, Ali Selim na Garia Mahmoud wakiwa miongoni mwao, walikulia kwenye vitanda hivyo na wakaendelea kufuma wakiwa watu wazima. Punda, bata kwenye mfereji, ndege waliojaa mti mzima, wanawake wanaofua: yote hayo mfumi angeweza kuyaona akitoka mlangoni. Kwa hiyo kumbukumbu ya Harrania si ya kilichopotea, kama ya Terezín, wala ya kilichonyang'anywa, kama ya Carrolup. Ni ya jana jioni. Mwaka 1983 kituo hicho kilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan, na anayesema katazo la kunakili huzaa watu dhaifu itambidi kwanza asimame mbele ya mazulia hayo.

Hata hivyo katazo hilo lina gharama, na Harrania ndiko gharama hiyo inakoonekana wazi, kwa sababu jaribio liliendelea muda mrefu kuliko kwingine. Kijiji kimebadilika, jiji la Giza limekijongelea kwa majengo na magari. Mgeni anayefika kununua bado anataka mtende na punda. Mfumi aliyekingwa akiwa na miaka kumi, akiwa na miaka hamsini anatarajiwa kuona kwa jicho lile lile, na soko linalinda kanuni ya mwalimu kwa bidii kuliko mwalimu mwenyewe alivyoilinda. Makerere hilo halikutokea, kwa kuwa mwaka 1958 Trowell alistaafu na nafasi yake ikachukuliwa na Cecil Todd, aliyekuwa amefundisha Afrika Kusini. Todd alifungua madirisha yote kwa mpigo: historia ya sanaa ya Ulaya, nadharia ya rangi, uchoraji wa mwili, wachoraji wa kisasa. Wapo waliolalamika kwamba Uafrika wa shule umeuzwa. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya 1960 alipita hapo Theresa Musoke, ambaye wanyama wake wa porini huibuka kutoka katika tabaka za rangi nyepesi, mmoja ndani ya mwingine, mpaka hujui pembe ni ya nani na majani yanaanzia wapi. Hakuna Mzungu aliyemkopesha hilo. Nyenzo alikopa, jicho ni lake.

Njau mwenyewe ni shahidi mzuri dhidi ya usemi wake, au tuseme ni mfasiri wake bora. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, akitokea Makerere, alichora picha tano kubwa ukutani mwa kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote huko Murang'a, wakati huo Fort Hall. Kanisa lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Wengine waliokufa miaka hiyo, porini na vizuizini, ukuta huo hauwataji. Matukio aliyoyachora ni kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa. Hakuna mfululizo ulionakiliwa zaidi ya huo katika historia ya sanaa ya Ulaya. Njau aliuchukua mzima mzima na kuuhamishia kwenye miteremko ya nchi ya Wakikuyu, watu wake wakawa Waafrika, Kristo akiwa mmoja wao, mbele ya waumini waliokuwa wamezika jamaa zao juzi. Kama huko ni kunakili, basi Mungu hakusinzia. Alichokikataza Njau, ninavyomwelewa, ni mkono unaofuata huku jicho limefumba. Kielelezo chenyewe hakikuwa adui.

Australia ilitoa funzo jingine ambalo walimu wote hawa wanne wangelishangaa. Mwaka 1971, huko Papunya katikati ya jangwa, mwalimu Geoffrey Bardon aliwatia moyo wanafunzi wachore michoro ya kwao badala ya ile ya kizungu. Jambo likawafikia wazee, nao wakalichukua wenyewe: ukuta wa shule ukachorwa na watu wazima, Kaapa Tjampitjinpa akiwa mstari wa mbele, habari ya Sisimizi wa Asali. Sababu ni kwamba kwa watu wale mchoro una mwenyewe kama ardhi ilivyo na mwenyewe. Hauchorwi kwa kuwa umekujia akilini. Kunakili sawasawa, kwa idhini ya anayestahili kuitoa, ndiko uaminifu, na kubuni ovyo ndiko kosa. Mbele ya mila hiyo, wazo la mtoto anayetoa kilichomo ndani mwake, kisicho cha mtu mwingine yeyote, linaonekana jinsi lilivyo: mila moja kati ya nyingi, yenye kwao na tarehe zake. Ukuta wenyewe ulipakwa rangi juu baada ya miaka michache, ila wachoraji wale ndio walioanzisha vuguvugu la Jangwa la Magharibi linalojulikana duniani kote leo.

Tukiacha mbinu, kuna swali la karatasi ilikokwenda, na hapa tofauti haziwezi kupatanishwa kwa maneno mazuri. Picha za Carrolup zilimvutia Florence Rutter, mama wa Kiingereza aliyetembelea shule mwaka 1949, akazipeleka Ulaya na kuzionyesha. Muda si mrefu shule ikafungwa. Yeye mwenyewe alipoishiwa akaziuza kwa mkusanyaji wa New York, Herbert Mayer, aliyezitoa mwaka 1966 kwa Chuo Kikuu cha Colgate. Zikakaa ghalani hadi mwaka 2004, mtaalamu Howard Morphy alipozikuta. Mwaka 2013 zilirudi Australia Magharibi na sasa ziko Chuo Kikuu cha Curtin, jijini Perth. Revel Cooper alifariki mwaka 1983 bila kuona siku hiyo.

Friedl alipojua zamu imefika, michoro karibu 4,500 ilikusanywa katika masanduku mawili na kufichwa. Mumewe alikuwa ametangulia kusafirishwa. Yeye akajiandikisha amfuate. Oktoba 1944 aliuawa Auschwitz. Pavel alinusurika. Wengi wa wanafunzi wa Friedl hawakunusurika. Vita vilipokwisha masanduku yalifikishwa Prague na Willy Groag, na michoro hiyo inahifadhiwa na Makumbusho ya Kiyahudi ya jiji hilo. Tunaweza kuwataja waliochora kwa sababu ya jambo dogo ambalo Friedl alilisisitiza kila somo: mtoto aandike jina lake kwenye karatasi. Mahali ambapo kila mtu alikuwa namba ya msafara, karatasi ilibeba jina. Baada ya vita majina hayo yalilinganishwa na orodha za waliosafirishwa, na hivyo mchoro wa kipepeo ukapata mwenyewe, tarehe ya kuzaliwa, na mara nyingi tarehe ya kufa.

Kati ya yote walimu hawa waliyoyafanya, hilo ndilo ninaloliona halina ubishi. Mtu anaweza kuwa upande wa Trowell au wa Todd, wa Wissa Wassef au wa wazee wa Papunya, na kila upande una hoja ya kusimamia. Lakini picha ya mwanafunzi isiyo na jina ni mapambo. Katika shule nyingi za kwetu michoro hubandikwa siku ya wazazi, ikasifiwa, ikabanduliwa Jumatatu kwenda kuwashia jiko. Mwalimu unayesoma haya, ufundishe kwa kielelezo au bila kielelezo, hilo ni lako. Ila kabla ya kubandua za mwaka huu, igeuze kila karatasi, mpe mtoto kalamu aandike jina lake, mahali na mwaka, kisha tafuta kabati lisilovuja.